Pamba Chini ya Kiti

Vijana wa karakana wameniomba niandike machache kabla sijasahau. Nimestaafu juzi tu, lakini wao wanaongea kana kwamba nimeshazikwa. Haya, naandika. Habari za vyeo sina, kwa sababu niliingia fundi nikatoka fundi. Katikati hapo walinipa meza, nikakaa wiki mbili, nikairudisha. Mezani hakuna kinachovuja. Nitaandika habari za mafuta ya gia na ya haidroliki, yanakotoka na yanakojificha, na jinsi yalivyonivua nguo mbele ya watu kwenye mnada wa Mwandoya.

Siku ya kwanza nilifika karakana ya hapa Bariadi na spana mpya begani, viatu vimepigwa rangi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Nkwabi, mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua nini?"

Nikamwambia najua injini, gia boksi, difu na haidroliki. Chuoni nilikuwa wa pili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vizuri. Ndoo ile pale."

Siku nzima niliosha trekta lililotoka Kasoli. Mnaoujua udongo wa mbuga mnajua nilichokuta: udongo mweusi uliokauka juu ya grisi, tabaka juu ya tabaka, ukiukwangua unarudi na ngozi ya kidole. Jioni Mzee Nkwabi akapitisha kidole chini ya hausing ya gia, lile kasha la chuma, akakitazama, akasema, "Kesho utamalizia." Nikamalizia. Keshokutwa yake akaniletea jingine. Nikamuuliza kwa adabu ufundi wenyewe nitauanza lini. Akasema, "Umeuanza juzi. Trekta chafu linavuja kila mahali. Trekta safi linavuja mahali pamoja."

Sentensi hiyo peke yake imeniokolea kazi nyingi kuliko vitabu vyote vya chuo. Mtu anakuja na trekta limelowa nyuma nzima, anataka ubadilishe kila gasketi. Osha kwanza. Kausha. Kisha liwashwe, lifanye kazi, lipate moto, ndipo uingie chini. Tone unaloliona halikuambii chochote, maana hapo ndipo safari yake imeishia. Mafuta hushuka, na trekta likitembea upepo huyarudisha nyuma. Wewe tafuta safari ilikoanzia, na huko ni juu zaidi na mbele zaidi kuliko unavyodhani.

Mzee alikuwa na kopo la maziwa lililojaa majivu. Siyo majivu ya jikoni, hayo yana makaa. Yake yalitoka kwenye miti ya pamba inayochomwa baada ya mavuno, na aliyachekecha mwenyewe yakawa laini kama poda. Ukishakausha chuma unayapuliza juu ya maungio yote. Ukiwasha trekta, panapovuja panachora mstari mweusi, mwembamba, kuanzia pale pale penye kosa. Leo kuna rangi maalumu na taa maalumu za kutafutia mafuta, na vijana wanazipenda. Mimi sina ugomvi nazo, ila majivu hayaishiwi betri.

Akanifundisha pia kunusa. Chini ya hausing ya klachi kuna kitundu kidogo, na kinachotoka hapo usikikisie. Kipake kwenye karatasi nyeupe. Kikiwa cheusi na kinanuka kuungua, ni sili, mpira wa kuzuia mafuta, ya nyuma ya injini. Kikiwa na rangi ya asali, ni sili ya gia boksi. Kikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo muulize mwenye trekta kama alivuka mto. Atakataa. Mwulize mara ya pili.

Kuna jamaa mmoja alikuja kutoka Lamadi, amefadhaika kweli, anasema tela lake likifungwa tu haidroliki inavuja. Mimi nikaanza kutoa spana. Mzee Nkwabi akainama, akanusa kidole, akamtazama yule bwana. "Jana ulibeba nini?" Akajibu alibeba sangara. Mzee akajipangusa mkono kwenye suruali yangu, siyo yake, akasema, "Sili yako iko ziwani, baba. Kaoshe tela."

Uvujaji mgumu zaidi ni ule usiolowesha chini. Mkulima analalamika plau inashuka yenyewe, na ardhi kavu. Hapo mafuta yanavujia ndani, yanapita pembeni ya pistoni na kurudi yalikotoka. Inyanyue plau, zima injini, weka alama ya chaki, kanywe chai. Ikiwa imeshuka kabla chai haijapoa, fungua silinda ya kunyanyulia. Usiongeze mafuta ukaondoka. Kuongeza mafuta ni kumpa mgonjwa chakula ukadhani umemtibu.

Mzee Nkwabi alistaafu, akaniachia kopo. Siku anaondoka nilimwuliza kama kuna jambo hajaniambia. Akawaza, akasema, "Sili moja ikivuja, sili imechoka. Sili zote zikivuja kwa pamoja, ziache. Uliza kinachozisukuma." Niliitikia kama mtu aliyeelewa. Miaka hiyo nilikuwa naitikia hivyo kila kitu.

Sasa niwasimulie habari za kikundi.

Huko Mwandoya kulikuwa na kikundi cha wakulima wa pamba waliochanga wakanunua trekta. Mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja tuliyemwita Mayu Kabula, ambaye akitaka kuongea hasimami, watu ndio wananyamaza. Dereva wao alikuwa Jilala, mrefu, mpole, mtu wa kufuta trekta kwa kitambaa kila jioni kana kwamba anamfuta ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wao. Nilikwenda kwa pikipiki mwanzo wa kilimo na katikati yake, na walikuwa wakiniamini sana. Nami nilikuwa nikijiamini hivyo hivyo.

Msimu mmoja, mvua za kwanza, Jilala alipita chini ya mgunga na tawi likang'oa kifuniko cha kipumulio. Kwa asiyejua: hausing ya nyuma ya trekta, yenye gia na difu na mafuta ya haidroliki ndani yake, ina kitundu juu, karibu na chini ya kiti. Mafuta yakipata moto hewa ya ndani hutanuka, na kwa kitundu hicho hutoka. Kifuniko chake huzuia vumbi lakini huachia hewa. Sikuwa nacho kingine. Watu wanasubiri kulima, mvua imeshanyesha, kila mmoja ananiangalia.

Nikafanya anachofanya kila mtu wa huku. Pamba kwetu ni jibu la kila swali. Mtoto anaumwa sikio, pamba. Umekatwa na jembe, pamba. Taa haina utambi, pamba. Nikaomba pamba safi ghalani, nikasokota donge, nikaliziba tundu, nikafunga kitambaa juu yake kwa waya. Mimi waya naufunga kwa namna yangu: mizunguko mitatu, kisha ncha naikunja ndani isimchome mtu. Nikamwambia Jilala, "Hii ni ya muda tu. Kifuniko nitakiagiza Mwanza." Na kweli pamba ilipumua vizuri, ikachuja vumbi, nikajisifu njiani kote. Kifuniko sikukiagiza. Sikuandika popote. Nikasahau kabisa, na yeye kwa kuwa alishaambiwa na fundi, hakuigusa.

Msimu uliofuata wakaniita. Mafuta ya hausing yanapungua. Nikaenda asubuhi, nikakuta unyevu kidogo kwenye ekseli zote mbili, nikabadilisha sili zote mbili. Baada ya siku chache wakaniita tena, mafuta yamepungua vile vile. Nikaenda asubuhi, kama kawaida yangu, nikapuliza majivu, nikaliwasha, nikalizungusha uwanjani kidogo. Kavu kabisa.

Jilala akaniambia, "Fundi, haliko hivi siku nzima. Jioni breki hazishiki, zinanuka kuungua. Na nikichomoa kijiti cha kupimia mafuta likiwa la moto, trekta linakohoa."

"Linakohoa?"

"Linatoa pumzi kwa nguvu, fundi. Kijiti kinataka kuruka."

Nikacheka. Nikamwambia trekta haliugui kifua, na kazi ya dereva ni usukani. Yaandikeni hayo, vijana, maana ni maneno ya kijinga kuliko yote niliyowahi kutamka nikiwa na spana mkononi. Mtu alinipa ugonjwa mzima na dalili zake, nami nikamrudishia.

Mayu Kabula akaniita mbele ya wanachama, ghalani, akauliza mafuta yanakwenda wapi. Nikasimama. Sauti yangu wakati ule ilikuwa kubwa. Nikasema, "Sili nimezifunga kwa mikono yangu. Trekta ni kavu, mmeliona. Na mafuta hayana miguu."

Sikumtaja mtu. Haikuwa lazima. Ghala zima liligeuka kumtazama Jilala. Yeye alinitazama mimi.

Habari ilifika mnadani kabla pikipiki yangu haijafika Bariadi. Dereva wa kikundi anauza mafuta ya trekta. Kwa mtu wa kijiji hilo si jambo la kazi tu. Mke wake, Nyanzobe, alifika kisimani na wenzake wakaacha kuongea. Hakuna aliyemwamkia. Mtu akishaitwa mwizi kule kwetu, hata moto wa kuwashia jiko hapewi, na siku ya msiba wake atachimba kaburi mwenyewe. Kikundi kikapanga kikao Jumamosi, Jilala akabidhi ufunguo. Nami nikaalikwa nije nikague trekta kabla dereva mpya hajalipokea.

Nilifika Ijumaa jioni nikalala kwa mwalimu mmoja. Alfajiri nikamkuta Jilala amesimama pembeni ya trekta, amelifuta, limeng'aa. Akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka."

"Nina ombi moja. Kikao ni saa kumi. Kaa nami shambani mpaka saa hizo. Kila siku unaliangalia likiwa limelala. Liangalie likiwa linafanya kazi. Ukikuta kavu, ufunguo nitawapa bila neno."

Nilikubali, na nisiwadanganye, nilikubali kwa jeuri. Nilitaka aone mwenyewe. Nikaosha maungio, nikakausha, nikapuliza majivu kila mahali. Akalima. Saa moja, kavu. Saa mbili, kavu. Nikaketi kwenye tuta nikala muhogo, roho kwatu. Jua likapanda, mbuga ikawa nzito, trekta likaanza kuhema. Karibu na saa sita nikamwashiria asimame, nikainama chini ya ekseli ya kulia.

Mstari mweusi. Nikaenda kushoto. Mstari mweusi. Nikaangalia sili za shafti ya mikono ya kunyanyulia plau. Mistari miwili, mmoja kila upande. Mafuta yalikuwa yanatoka kila mahali kwa pamoja, yanaingia kwenye breki, yanadondoka, na udongo unaogeuzwa unayafunika. Ikifika usiku trekta linapoa, shinikizo linaisha, sili zinajifunga, na Jilala ameshalifuta. Asubuhi fundi bingwa anakuja, anakuta kavu.

Nilimsikia Mzee Nkwabi kana kwamba yuko kwenye tuta anakula muhogo wangu. Uliza kinachozisukuma.

Nikapanda juu, nikaingiza mkono chini ya kiti. Nikagusa kitambaa kigumu. Nikagusa waya. Mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekifunga na waya. Ile pamba safi ilikuwa imenywa mvuke wa mafuta mwaka mzima, ikashika vumbi la mbuga, ikawa kizibo cha kweli, kigumu kama kisigino. Nikaufungua waya nikachomoa. Trekta likatoa pumzi ndefu, ya moto, usoni kwangu. Lilikohoa.

Jilala alikuwa mbele, anamimina maji kwenye rejeta. Hakuona. Hapa ndipo pagumu, na ndiyo sababu nimeandika yote haya. Donge lilikuwa mkononi mwangu, dogo, linaenea mfukoni. Ningeweza kusema sili za mara hii zilikuwa mbovu, nimeshazirekebisha, msameheni dereva. Angebaki kazini. Mimi ningebaki bingwa. Lakini wangekuwa wamemsamehe mwizi, na hakuwa mwizi. Nilisimama juu ya lile trekta, nikaona aibu.

"Jilala," nikamwita. "Njoo uone kilichokuwa kinaiba mafuta."

Akaja. Akatazama donge, akatazama waya, akanitazama. Alikumbuka mara moja. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari. Alikaa chini kwenye plau, akafunika uso kwa kile kitambaa chake cha kufutia trekta, mabega yakawa yanacheza. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu. Ulinieleza kila kitu, sikukusikiliza."

Saa kumi ghala lilijaa. Niliweka donge mezani, nikaeleza tangu tawi la mgunga mpaka muhogo wa saa nne. Sikuacha kitu. Mayu Kabula akaligeuza lile donge kwa kijiti, hakutaka kulishika.

"Fundi, sisi tulikuamini wewe kuliko tulivyomwamini yeye. Kwa nini?"

"Kwa sababu niliongea kwa sauti kubwa, mayu."

"Basi sauti hiyo hiyo tunaitaka mnadani."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Siku ya mnada walinipeleka kati ya mbuzi na mitumba, muuza nguo akazima muziki akanipa kipaza sauti chake. Nilisema kwa Kisukuma, maana mnadani pale ukiomba radhi kwa Kiswahili watu wanadhani ni tangazo la serikali. Nikasema jina langu, kazi yangu, na kosa langu. Nikasema Jilala hajawahi kuuza hata tone. Nikalinyanyua donge wakaliona. Kuna mzee alicheka mpaka akashika fimbo ya mwenzake.

Nyanzobe alikuwa amesimama penye nyanya, kikapu mkononi. Mwanamke mmoja, mmoja wa wale wa kisimani, akamsogelea, akainamisha kichwa, akamwamkia, "Mwadila, mayu." Nyanzobe alichelewa kuitikia, na alikuwa na haki ya kuchelewa. Lakini aliitikia. Nilirudisha kipaza sauti, na nasema wazi kwamba sijawahi kufunga boliti iliyonikaa vizuri kama salamu ile.

Tangu siku hiyo kila cha muda nilikipaka rangi nyekundu na kukiandika kwenye daftari la trekta, na dereva akitia sahihi. Tangu siku hiyo pia swali langu la kwanza kwa dereva ni, "Jioni linakuwaje?" Mganga hajigangi, lakini anaweza kusikiliza wagonjwa. Niliendelea kuwa fundi mzuri. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mzuri, ingawa vijana wa wakati ule watawaambia nilikuwa mzuri tangu zamani, na msiwakatalie sana.

Jilala alibaki na trekta lile, na lililofuata. Kila nilipofika Mwandoya, kabla ya salamu, alikuwa anapanda juu, anafungua kifuniko cha kipumulio, anakipuliza kwa mdomo, anakirudisha, ananitazama. Hapo ndipo anasema, "Mwangaluka, fundi." Miaka yote hiyo hakuacha hata mara moja. Mara ya kwanza iliniuma. Baadaye nikaona kwamba asingefanya hivyo ningedhani amenikasirikia.

Siku ya kuniaga alikuja mpaka Bariadi, na Nyanzobe, wamepakata kifurushi kikubwa cha kitenge. Watu walikuwa wametoa hotuba ndefu, hakuna aliyetaja mnada. Yeye hakutoa hotuba. Alipanda mbele, akaniwekea kifurushi mapajani, akanifungulia. Ulikuwa mto wa kulalia, umejazwa pamba ya shamba lao mpaka umevimba.

"Pamba inakaa hapa, fundi," akasema.

Nilicheka na wenzangu wote. Kisha nikaugeuza mto kutafuta mdomo wake, nikaona ameufunga kwa uzi mgumu wa gunia: mizunguko mitatu, ncha imekunjwa ndani. Nikalia pale pale mbele ya vijana, na Jilala akanipa kitambaa chake.